Ni Mimi Niliyesema ni Gasketi

Baba alinipigia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumanne moja ya Juni mwaka jana. Nilikuwa bado nimejikunja kitandani hosteli, maana baridi ya Moshi ya mwezi wa sita mnaijua wenyewe. Baba yangu hapigi simu asubuhi kusalimia. Nikajua kuna msiba au kuna gari.

Ilikuwa gari. Noah ilikuwa imechemsha tena jana yake, ikipanda kutoka Himo kwenda Marangu, mara ya tatu ndani ya wiki mbili. Maji yanapungua, yanakwenda wapi hakuna anayejua, chini ya gari hakuna hata tone. Na asubuhi hiyo alipoiwasha, alisema, ilifuka moshi mweupe kama watu wanaochoma majani mabichi. Mdogo wangu akanirushia video WhatsApp, sekunde 18, halafu na picha ya kifuniko cha pale juu wanapojazia oili. Upande wa ndani wa kifuniko ulikuwa na kitu kizito cha rangi ya maziwa, kama mtori uliopoa.

Nikaingia YouTube. Nilitumia dakika ishirini, labda ishirini na tano. Video zote zilisema jambo moja: moshi mweupe, oili iliyogeuka maziwa, gari kuchemsha na kupoteza maji. Dalili tatu, na mimi nilikuwa nazo zote tatu. Ukipata tatu kwa tatu kwenye test hiyo ni A, hakuna majadiliano. Nikampigia baba, nikamwambia kwa sauti ile ile tunayofundishwa kuitumia mbele ya darasa: "Baba, hiyo ni gasketi ya silinda hedi imeungua. Usiiwashe tena."

Baba akanyamaza kidogo. Akasema, "Asante, mama." Huniita mama pale anapokuwa ameridhika na mimi.

Kwa wale ambao gari kwao ni kitu cha kushusha kioo tu: injini ina vipande vikubwa viwili. Chini ni bloku, ambamo pistoni zinapanda na kushuka. Juu ni silinda hedi, inayofunika, yenye vali na plagi. Katikati yao inalazwa karatasi ngumu, unene wake milimita moja na kitu, imejaa matundu. Hiyo ndiyo gasketi. Kazi yake ni kuzuia vitu vitatu visikutane: moto wa ndani ya silinda, oili, na maji ya kupoozea. Ikiungua sehemu, maji yanaweza kuingia kwenye moto yakatoka nyuma kama mvuke mweupe, au yakaingia kwenye oili ikawa maziwa, au gesi ya moto ikasukumwa kwenye maji na rejeta ikatapika. Gasketi yenyewe si ghali sana. Ghali ni safari ya kuifikia, kwa sababu lazima ufungue nusu ya injini.

Noah yetu ni ya mwaka 1998, na dashibodi wakati ule ilikuwa inasoma kilomita 387,000 na kitu. Hizo ni zile inazokiri. Baba aliinunua kwa kiinua mgongo alipostaafu ualimu wa shule ya msingi, na tangu hapo ndiyo mshahara wa nyumbani. Siku za soko inashusha ndizi na akina mama hadi Himo, wakati mwingine hadi Kiboriloni. Siku nyingine inapeleka mgonjwa KCMC, au watu wa kipaimara, au maiti na ndugu zake. Desemba, watu wanaporudi nyumbani kutoka Dar na kila mahali, haipumziki kabisa. Ikilala Noah, tumelala wote.

Fundi wa kwanza alikuja nyumbani Jumatano. Baba alimpokea kwa kumwambia, "Binti yangu yuko chuo, anasema ni gasketi." Fundi akatazama kifuniko, akatazama video, akasema binti ana akili. Hakushika hata spana. Akaandika kwenye kipande cha karatasi: seti ya gasketi, kuchongesha hedi iwe sawa huko mjini, mkanda wa taimingi kwa kuwa tutakuwa tayari tumefungua, wota pampu kwa sababu hiyo hiyo, oili, filta, ufundi. Jumla shilingi 1,350,000.

Mimi simlaumu sana. Amefika kwenye nyumba ya mwalimu mstaafu, ameambiwa jibu na mwenye gari kabla hajafungua boneti, na jibu limetoka chuo kikuu. Angebisha ili iweje?

Nyumbani hakuna pesa hiyo. Kuna ng'ombe.

Ng'ombe ni wa mama. Anafungiwa bandani nyuma ya nyumba kama ng'ombe wengi wa mlimani, anakatiwa majani na migomba, analetewa pumba kutoka Himo. Maziwa yake yamenilipia vitu vingi ambavyo bumu halijawahi kulipa, kuanzia blanketi ninalojifunika hapa hosteli. Wakati ule alikuwa na mimba ya miezi sita. Habari nilipewa na mdogo wangu, Alhamisi usiku, kwa meseji: "Dada, ng'ombe anaenda Jumapili. Mnunuzi ametoa laki mbili za kumshika."

Nilikaa na ile meseji. Jumatatu nilikuwa na test ya upimaji na tathmini, noti zimetapakaa kitandani, na wanaosoma elimu mnaijua ile mada ya uhalali wa kipimo: je, kipimo kinapima kile kinachodai kukipima? Sitawadanganya kwamba hapo mwanga ulinishukia. Nilichojiuliza kilikuwa kidogo zaidi. Je, nikiwa nimekosea? Nilikuwa nimetazama video za watu nisiowajua, wenye magari nisiyoyajua, katika nchi zenye hali ya hewa nisiyoijua, kisha nikamwambia baba yangu asiwashe gari. Na sasa mama anauza ng'ombe mwenye mimba kwa maneno yangu. Hakuna mtu mwingine aliyepima chochote. Kila mmoja alikuwa amenukuu mimi.

Ijumaa jioni nikapanda Hiace hadi Marangu Mtoni, halafu bodaboda hadi nyumbani. Kwetu ni juu kidogo ya Mtoni, upande wa kuelekea geti la mlima, kama mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari. Mama hakuniuliza nimefuata nini katikati ya wiki za mitihani. Alinipakulia.

Asubuhi saa kumi na mbili nilitoka nje. Ukungu umelala juu ya kahawa, migomba inadondosha maji, huoni hata nyumba ya pili. Jirani yetu akawasha gari lake. Gari la juzi tu, hata mwaka halijamaliza, kila mtu kijijini analijua kwa kuling'arisha. Likafuka moshi mweupe mzito hadi kwenye kihamba chetu.

Nilisimama pale na mswaki mdomoni. Kama dalili yangu ilikuwa sahihi, basi gari jipya kabisa nalo limeunguza gasketi, na bodaboda aliyepita dakika mbili baadaye naye kaunguza. Yaani Marangu nzima imeunguza gasketi. Moshi mweupe juu ya Moshi, aisee. Nikakumbuka kemia ya O-level: petroli ikiungua inatoa hewa ya ukaa na maji. Lita moja ya petroli inatengeneza karibu lita moja ya maji, ambayo yanatoka kwenye bomba la ekzosi kama mvuke. Dar huyaoni. Asubuhi ya Juni, mita 1,500, kwenye ukungu na bomba la baridi, utayaona kila siku ya Mungu.

Nikamwomba baba awashe Noah.

"Si ulisema isiwashwe?"

"Nilisema, baba."

Akawasha. Moshi ukatoka mweupe vile vile kama kwenye video. Nikashika saa. Ile video ilikuwa ya sekunde 18. Sisi tulisimama dakika nane. Kufikia ya tano moshi ulikuwa mwembamba, kufikia ya nane hakuna kitu. Maji yanayopita kwenye gasketi iliyoungua hayaachi kuvuka kwa sababu tu bomba limepata joto. Baba alikuwa anatazama pamoja nami, mikono nyuma, vile alivyokuwa akisimamia mitihani.

Tukazima, tukachomoa kile kijiti cha kupimia oili. Oili nyeusi, imechakaa, lakini nyeusi. Hakuna maziwa. Maziwa yalikuwa kwenye kifuniko tu na shingoni pake, pale juu penye baridi. Hilo nalo sikulitazama Jumanne, kwa sababu picha niliyotumiwa ilikuwa ya kifuniko na mimi sikuomba nyingine.

Ilibaki kuchemsha. Hapo nilikumbuka mjomba wangu, aliyekuwa mpagazi wa watalii miaka mingi. Huwa anasema Kibo Hut maji yanachemka haraka lakini maharage yanakugomea. Ni kweli na ndiyo fizikia ninayosomea kufundisha: kadiri unavyopanda, mgandamizo wa hewa unapungua, na maji yanachemka kabla hayajapata joto la kutosha. Kule Kibo Hut, mita 4,700 na ushee, ni nyuzi 84 hivi. Moshi mjini 97. Nyumbani kwetu 95. Sasa injini inayopanda mlima na watu saba na mikungu ya ndizi inafika nyuzi 95 bila shida, na hiyo kwa injini si homa. Kinachozuia maji yasichemke ni kifuniko cha rejeta. Kina springi na mpira, kinabana mgandamizo ndani, karibu nusu hadi moja ya ule wa hewa ya kawaida kutegemea gari. Kifuniko kizuri cha aina ya kwetu, hata hapo Marangu, kinayafanya maji yasichemke mpaka kama nyuzi 115. Kifuniko kibovu ni sufuria tu.

Tulisubiri rejeta ipoe, maana kufungua rejeta ya moto ni kuomba kuungua uso. Mpira wa kifuniko ulikuwa mgumu kama soli ya kandambili ya zamani, umepasuka sehemu mbili.

Hapa ndipo palikuwa pagumu. Baba alikishika kile kifuniko, akakigeuza.

"Kwa hiyo si gasketi."

"Sijui, baba."

"Jumanne ulijua."

Sikuwa na la kujibu. Ningeweza kusema ndiyo, si gasketi, tubadilishe kifuniko, na angeniamini tena, kwa sababu baba anaamini shule kuliko mtu yeyote ninayemjua. Na huenda ningekuwa nimekosea mara ya pili. Injini ya kilomita karibu laki nne iliyochemsha mara tatu inaweza kuwa na kifuniko kibovu na gasketi mbovu kwa pamoja. Nikamwambia kuna vipimo, Moshi mjini kuna fundi wa zamani ambaye mwenzangu darasani amenielekeza, na nina shilingi 60,000 zilizobaki kwenye bumu. Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa banda na mzigo wa majani. Alisema, "Mnunuzi anakuja kesho saa nne." Akaingia ndani.

Tuliteremka asubuhi ile ile, gari tupu, na dumu la lita 20 la maji nyuma. Kuteremka Marangu injini haifanyi kazi kubwa, na kutoka Himo ni barabara ya tambarare tu, lakini sikumbuki kama nilitoa macho kwenye mshale wa joto hata mara moja. Baba alinionya kwamba mshale nao ni muongo: maji yakiisha kabisa, kile kipimo kinabaki kwenye hewa na mshale unashuka wakati injini inaungua. Hilo hakuna video iliyoniambia.

Gereji ni ua tu, upande wa Pasua. Fundi ni mzee, miwani imefungwa kwa waya. Shikamoo zikaisha, akauliza shida nini. Baba akaanza, "Gasketi ya..."

"Sijakuuliza dawa, mwalimu. Nimekuuliza ugonjwa. Inafanya nini?"

Alituuliza maswali kwa muda ambao nilidhani anapoteza wakati. Inachemka ikipanda au hata tambarare? Ikipanda tu. Na mzigo au tupu? Na mzigo. Asubuhi ukiiwasha ina nguvu au inatetemeka? Ina nguvu. Unaweka maji gani? Baba akasema ya mfereji. Mzee akacheka mpaka akashika boneti. Wenzangu msiotoka mlimani, mfereji ni ile mifereji ya asili inayoleta maji ya mtoni kupitia vihamba. Ni maji matamu, yanamwagilia kahawa na migomba, na yamebeba udongo.

Kisha akatuambia tukale, turudi injini ikiwa baridi kabisa.

Tuliporudi alianza na kitu ambacho hakigharimu hata senti. Aliniambia nishike paipu ya juu ya rejeta, kifuniko kimefungwa, halafu akawasha. "Bonyeza. Endelea kubonyeza." Kama gesi ya moto inapenya kwenye maji, paipu inakuwa ngumu ndani ya dakika ya kwanza, kabla maji hayajapata joto lolote. Ilibaki laini.

Akazima, akafungua kifuniko, akajaza maji hadi juu, akawasha tena. "Tazama mapovu."

Mapovu yakaja. Mengi. Moyo wangu uliingia tumboni. Nikamtazama baba, naye alikuwa anatazama maji. Mzee hakusema neno zaidi ya "Subiri."

Katika kusubiri kule nilimfikiria kijana mmoja wa kidato cha pili. Nilipokwenda field mwaka wa kwanza, wiki ya pili tu, nilimwandikia pembeni ya jina lake kwenye daftari langu neno "mzito". Alikuwa hajibu maswali, hanakili ubaoni, majaribio yake yalikuwa sifuri na mbili. Dalili tatu kwa tatu. Nilikaa naye wiki nane na neno lile na sikuwahi kumsogeza dawati la mbele kuona kama anaona ubao. Sijui mpaka leo kama alikuwa anauona. Ndiyo hivyo, field iliisha.

Mapovu yakapungua. Ilikuwa hewa iliyonaswa wakati wa kujaza, mzee alisema. Ya gasketi hayaishi, yanakuja kama soda, na ukikanyaga mafuta yanaongezeka. Akakanyagisha baba mafuta. Maji yakatulia, uso wake unatetemeka kidogo tu kwa mtikisiko wa injini.

Halafu plagi. Akazitoa nne, akazipanga kwenye kitambaa kwa mpangilio wa silinda zake. Zote zilikuwa na rangi moja ya udongo. Silinda inayonyweshwa maji, plagi yake hutoka imeoshwa na mvuke, safi peke yake kati ya chafu tatu. "Kwenye injini kuukuu," alisema, "ogopa aliye msafi peke yake."

Kipimo cha mwisho kilikuwa kompresheni. Unafunga geji pale palipokuwa na plagi, unapiga starta, unasoma. Alipima zote nne na mimi nikaandika: 140, 138, 142, 136. Baba aliuliza kama si ndogo. Ni ndogo kuliko ya injini mpya, mzee alisema, ringi zimechoka, na Moshi hapa hewa yenyewe ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 10, kwa hiyo usishindane na namba za kitabu. Kinachotafutwa ni tofauti. Gasketi ikifa kati ya silinda mbili, hizo mbili zinaanguka pamoja na zinazobaki zinasimama. Hapa zote zilikuwa zimezeeka kwa pamoja.

Alinionyesha na ile halisi. Ilikuwa imetundikwa ukutani, imetoka kwenye Hiace ya mtu. Kati ya tundu la silinda ya pili na la tatu kulikuwa na weusi, na ukanda wa chuma umelika pengo la upana wa punje ya mchele. Punje moja. Nikaelewa kwa nini hakuna anayeweza kuiona kwa kutazama moshi.

Basi maziwa kwenye kifuniko yalitoka wapi? Mzee akafungua boliti mbili na kutoa mfuniko wa temostati. Ndani hapakuwa na temostati. Palikuwa tupu. Baba akakumbuka: miaka minne nyuma, ilipowahi kuchemsha, fundi mmoja aliitoa akasema nchi zetu za joto hazina haja nayo. Hili mtalisikia kwenye gereji nyingi. Kazi ya temostati ni kuzuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ifike nyuzi 80 na kitu, ndipo inafunguka. Ukiitoa, gari linaloteremka kutoka Marangu asubuhi ya baridi halipati joto kabisa. Mvuke ulio ndani ya injini hauungui, unaganda kwenye kifuniko, unachanganyika na oili, unakuwa mtori. Injini yetu ilikuwa na ugonjwa wa baridi wakati wa kushuka na wa joto wakati wa kupanda, na mimi niliyaunganisha yote mawili nikayapa jina moja.

Rejeta ikatolewa, ikaoshwa. Nilitazama maji mekundu yakitoka dakika nyingi. Katikati mirija ilikuwa imeziba kwa udongo wetu wenyewe wa mlimani na kutu. Hesabu: kuosha rejeta 40,000, temostati 30,000, kifuniko 15,000, kulanti 35,000, vipimo na ufundi 50,000. Jumla 170,000. Mimi nilitoa 60, baba 70, na 40,000 tukadaiwa.

"Sijasema imepona," mzee alituambia wakati tunaondoka. "Nimesema sikuiona gasketi. Nendeni mkaiulize mlima."

Himo tukapakia. Baba alifanya makusudi: watu saba, magunia mawili ya pumba, na mimi nimekalishwa nyuma juu ya gunia. Kuanzia pale Himo hadi Mtoni hakuna aliyeongea na baba, kwa sababu baba hakuwa anajibu. Tulipita ile kona ilipochemkia Jumatatu. Tukapita Mtoni. Mshale ulikuwa chini kidogo ya katikati na ulikaa hapo hapo. Abiria mmoja, mama mwenye ndoo ya samaki, aliuliza kwa nini mwalimu anaendesha kama amebeba mayai.

Jumapili asubuhi nilipima maji kwenye tanki la akiba. Yalikuwa kwenye alama niliyoichora kwa kalamu. Saa nne mnunuzi akafika na kamba na vijana wawili. Sitaeleza yote. Alikuwa na haki ya kukasirika, tulikuwa tumekubaliana naye, na katika laki mbili zake elfu hamsini zilikuwa zimeshakwenda kwenye michango ya shule ya mdogo wangu. Mama alikwenda kuzikopa kwenye kikoba, akarudi, akamhesabia zote mezani. Aliondoka bila kunywa chai, na kwetu hilo ni jambo.

Mama aliniuliza kitu kimoja tu, jioni, wakati ananifungia ndizi za kwenda nazo hosteli. "Ile Jumanne, ulijuaje?"

Hakuwa ananisuta. Alikuwa anataka kujua kweli, kwa sababu yeye hajasoma zaidi ya darasa la saba na amekuwa akidhani kuna njia fulani ambayo sisi tuliosoma tunajua vitu tukiwa mbali. Nilimwambia nilitazama kwenye simu. Akasema, "Ahaa." Akaendelea kufunga.

Test ya Jumatatu nilipata 11 kati ya 20. Swali la uhalali nilijibu vizuri. Mengine sikuwa nimeyasoma.

Ng'ombe alizaa Septemba, dume, ambaye kwa mtu wa maziwa si habari kubwa. Noah imeshavuka kilomita 400,000. Imechemsha mara moja tangu wakati ule, mkanda wa feni ulikatika, hilo hata mimi niliona. Kwenye dumu la nyuma baba anabeba kulanti iliyochanganywa, na dumu lenyewe ameliandika kwa herufi kubwa za ubaoni, SI YA MFEREJI.

Wiki iliyopita alipiga tena, asubuhi vile vile. Kuna mlio, kama ndege, mbele upande wa kulia. Amemrekodi mdogo wangu anirushie. Nikamwambia asinirushie kwanza. Nikamuuliza unalia injini ikiwa baridi au ikiwa ya moto, gari likitembea au limesimama, na usukani ukikatwa unabadilika? Akasema subiri. Nikasikia mlango wa Noah, na hatua zake kwenye kokoto.